Filta ya UV kwenye lenzi: nifunge au niache?

lenzi_mpya:
Habari wakuu, naombeni ushauri. Nimepata lenzi mpya na kila ninayemuuliza ana lake, huyu anasema usiitoe hata kwenye boksi kabla hujaifunga filta ya UV, yule anasema haina maana kuweka kioo cha bei poa mbele ya kioo cha maana. Napiga zaidi harusi za usiku, mara mojamoja ufukweni. Inalinda kweli?

kioo_safi:
Mkuu, UV ilikuwa na kazi enzi za filamu, maana filamu inaona hiyo miale ya jua ambayo macho yetu hayaioni, na picha za milimani zilikuwa zinatoka na ukungu wa bluu. Kamera za dijitali sensa yake, yaani kile kidude cha ndani kinachonasa picha, tayari ina kioo kinachochuja hiyo miale, kwa hiyo leo filta ya UV ni kinga ya lenzi tu basi. Shida yako ni usiku. Kioo kisichopakwa utando wa kupunguza mng'ao kinaakisi kama asilimia 4 ya mwanga kila upande, na filta ina pande 2. Sasa ukumbi una giza, taa zinawaka, mwanga unagonga sensa unarudi mbele mpaka kwenye filta unarudishwa tena ndani, unakuta kwenye picha kuna vivuli vya taa, yaani taswira zake hafifu, vinaelea upande wa pili, vimepinduka. Vikiangukia kwenye suti nyeusi ya bwana harusi kuvifuta ni kazi kwelikweli. Mimi harusini navua filta, nafunga hudi, ile kofia ya kukinga mwanga mbele ya lenzi.

mpiga_mawimbi:
Usiku sawa, ila ufukweni ndugu yangu funga. Chumvi na mchanga vinaruka muda wote, na kufuta kioo chenye mchanga ndiyo kukikwaruza kwenyewe, bora hayo yaipate filta. Halafu kuna lenzi ambazo kinga yake ya vumbi na maji haikamiliki bila filta mbele, mfano Canon EF 17-40mm f/4L, wenyewe wanaelekeza hivyo.

hudi_kwanza:
Naongezea kuhusu kuanguka, maana hapo ndipo watu wanadanganyana. Kioo cha filta ni chembamba, kinapasuka kwa kishindo ambacho kioo cha mbele cha lenzi kingekivumilia, halafu mtu anasema filta imeniokoa! Na vile vipande vinaweza kukwaruza lenzi yenyewe. Hudi ndiyo inayopokea kishindo, na inakata mwanga wa pembeni pia. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele mara nyingi huuoni kabisa kwenye picha, labda ukielekea jua, cha kuogopa zaidi ni mkwaruzo wa kioo cha nyuma.

lenzi_mpya:
Shukrani sana wakuu. Mbele ya lenzi kuna duara lenye mstari na 67, ndiyo saizi ya filta? Na filta nzuri naijuaje?

kioo_safi:
Ndiyo, ni kipenyo kwa milimita, usichanganye na urefu wa fokasi, ile mm ya kwenye jina la lenzi kama 17-40mm hapo juu. Kuijua, ishike chini ya taa utazame taa inavyoakisi: ikiakisi nyeupe na kali, iache, ikiwa hafifu yenye ukijani au uzambarau, imepakwa utando. Ringi ya filta ikiwa ya shaba ya njano hainasi kwenye lenzi kirahisi kama ya alumini, ila usikaze sana, maana usiku unatakiwa uivue haraka.