Naomba ushauri: penstemoni ya mwambani inachanua lakini haitoi mbegu

Ndugu wanachama, salaam. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa mimea kuhusu Penstemon fruticosus, kijichaka cha miamba ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, ambacho mashina yake ya chini ni magumu kama mti na majani yake hubaki kijani mwaka mzima.

Ninayo mimea mitatu, yote niliyoizalisha kwa vipandikizi vya matawi kutoka mmea mmoja, na nimeiotesha katikati ya mawe, kwenye kokoto zisizotuamisha maji. Kila msimu huchanua vizuri sana maua ya zambarau yenye umbo la mrija mpana, na kila ua lina stameni (viungo vya kiume vya ua) tano, nne zenye chavua, yaani unga wa uzazi, na moja tasa. Nyuki huingia hadi ndani na kutoka wakiwa wamepakaa chavua mgongoni, jambo linalonipa furaha kubwa, lakini ovari, sehemu ya ua inayobeba mbegu changa, hunyauka bila kuwa tunda.

Nimejaribu kuhamisha chavua kwa brashi kwa misimu miwili. Msimu wa kwanza nilifanya hivyo mara tu ua lilipofunguka, kabla sijajua kwamba stameni hutangulia kukomaa na stigma, ncha ya kiungo cha kike inayopokea chavua, hufuata baadaye. Msimu wa pili nilisubiri mpaka stigma ilipoinama, na matokeo hayakubadilika.

Je, inawezekana mimea yangu, kwa kuwa ina urithi mmoja, inakataa chavua yake yenyewe? Na kama ndivyo, mmea mmoja uliooteshwa kwa mbegu kutoka kwingine utatosha kuichavusha yote mitatu?