Kundi la familia: kamera za njia ya mabasi

Baraka: Shikamooni wakubwa. Mmeona tangazo? Mabasi yanafungwa kamera kioo cha mbele. Ukiingia njia yao unapigwa picha, faini inakufuata nyumbani.

Shangazi Zuhura: Marahaba. Alhamdulillahi, wamechelewa.

Baraka: Shangazi hata hujauliza faini ni kiasi gani 😅

Shangazi Zuhura: Niulize ya nini? Mimi napanda basi.

Mama Tunu: 😂😂😂

Baraka: Jamani tuseme ukweli. Mimi nasambaza mizigo, maegesho hakuna. Nawasha hazadi, nashusha boksi, dakika moja tu nimeondoka. Hapo nimemzuia nani?

Mjomba Idi: Umenizuia mimi.

Mjomba Idi: Nakwambia kama dereva wa basi, ujomba tuuweke pembeni. Gari likisimama mbele yangu kwenye njia ya basi, inabidi nitoke niingie foleni ya magari madogo. Nani atanipisha na urefu ule? Nasubiri upenyo. Nikishakupita nasubiri upenyo mwingine wa kurudi. Dakika yako imeisha zamani, mimi bado nachungulia kioo cha pembeni.

Mjomba Idi: Na taa imeshakuwa nyekundu.

Mama Tunu: Ndiyo maana tunakaa kituoni weee, halafu yanakuja mawili yameongozana, la mbele watu wananing'inia, la nyuma tupu!

Mjomba Idi: Sababu ni hiyo hiyo. La mbele likichelewa kidogo linakuta watu wengi zaidi kituo kinachofuata. Kupakia kunakula muda, linazidi kuchelewa. La nyuma linakuta vituo vimeshafagiliwa, linakuja mbio mpaka linamgusa mwenzake. Chanzo gari moja lililosimama huko nyuma, na mwenyewe hana habari.

Baraka: Sawa mjomba, hilo nakubali. Ila kamera za nini? Si wangeweka trafiki tu.

Salma: Kaka, trafiki akikukamata mnasimama wapi?

Baraka: Hapo hapo.

Salma: Ndani ya njia ya basi. Wewe, pikipiki yake, na mazungumzo yenu 😂

Dada Rehema: Huku London wala si kazi ya polisi. Faini inatoka mamlaka ya usafiri ya jiji au halmashauri, inakuja kwa barua. Barabara kuu zile za mistari myekundu ni pauni 160, ukilipa ndani ya siku 14 ni nusu.

Baraka: Nusu? Kama mnada vile.

Dada Rehema: Ndipo mtu mwenye hoja nzuri kabisa ya kupinga anajikuta analipa 80 ili yaishe.

Kaka Hamza: Haya, Rehema kanisemea. Hizi kamera ni mradi wa hela. Mkubwa akishazoea fedha ya faini hatataka watu waache kosa. Ataombea waendelee.

Salma: Kaka Hamza, inategemea faini imepangwaje. New York wana kamera juu ya mabasi tangu 2019. Kosa la kwanza dola 50. Ukirudia ndani ya miezi 12 inapanda, inapanda, mpaka 250. Kwa hiyo aliyepotea njia siku moja hawamuumizi sana, anayeumia ni yule aliyeigeuza njia ya basi kibaraza chake. Na njia mpya ikifungwa kamera, siku 60 za mwanzo wanatuma onyo tu.

Kaka Hamza: Hao hao New York mwaka 2024 walituma maelfu ya tiketi kimakosa, nyingine kwa magari yaliyoegeshwa kihalali kabisa. Hiyo hukuisoma?

Salma: Nimeisoma. Na ndiyo hoja yangu kubwa kuliko bei. Picha moja haisemi kitu. Gari ndani ya njia ya basi, sawa, lakini limesimama au linakata kona? Linapisha ambulensi? Kwa hiyo inatakiwa video au picha kadhaa, mahali, saa, halafu mtu mwenye macho aangalie kabla barua haijatoka. Mashine ipendekeze, binadamu ahukumu.

Mjomba Idi: Tangazo la kwetu limetaja faini na tarehe. Picha ngapi, nani anaangalia, unapinga wapi, kimya. Hapo Hamza ana haki ya kupiga kelele.

Kaka Hamza: Asante mjomba. Leo nimepata cheti.

Mjomba Idi: Usizoee.

Mjomba Idi: Na msije mkanitukana barabarani. Mimi sibonyezi chochote. Inajirekodi yenyewe, hata sijui imemnasa nani.

Baraka: Swali. Gari ni la bosi. Barua inakwenda kwa nani?

Salma: Kwa mwenye gari, kwa sababu kamera inasoma namba, haimjui aliyeshika usukani. New York ndiyo maana faini hii haiongezi pointi za makosa kwenye leseni.

Baraka: Basi bosi ananikata mshahara na mambo yamekwisha.

Mama Tunu: Huyo bosi ndiye anakupangia maboksi mengi kuliko saa za siku.

Salma: Mama Tunu umegusa penyewe. Kampuni inaweza kuihesabu faini kama mafuta, gharama ya kazi, wakaendelea kusimama. Lakini ikiwa inapanda kila ukirudia, kuna siku mhasibu ataanza kuuliza kwa nini madereva hawapewi muda wa kuegesha barabara ya nyuma.

Baraka: Barabara ya nyuma nayo imejaa magari yamelala hapo tangu alfajiri. Watupe sehemu za kushushia mizigo, zenye muda maalumu, ndipo wanipige picha hata za harusi.

Shangazi Zuhura: Hilo namuunga mkono mwanangu. Wampe pa kushushia. Akiachiwa pa kushushia na bado akakaa mbele ya basi, wamfyatue.

Kaka Hamza: Na wanaoziba namba na tope je? Hao kamera inawaona kama majini.

Mjomba Idi: Hao ndio kazi ya trafiki sasa. Kamera zikishughulika na sisi tunaosomeka, polisi apate nafasi ya kuwafuata wasiosomeka.

Mama Tunu: Na teksi? Maana mimi na goti hili kuna siku nachukua teksi.

Dada Rehema: Huku teksi nyeusi zinaruhusiwa njia nyingi za mabasi, zile za kuita kwa simu hapana. Waligombana mpaka Mahakama ya Ulaya, 2015 teksi nyeusi wakabaki na haki yao. Sababu moja, nyeusi zote zinaweza kubeba mtu wa kiti cha magurudumu, na unazipungia mkono barabarani.

Dada Rehema: Na si njia zote ni saa 24. Kuna bango la bluu linaonyesha saa. Nje ya saa hizo unapita tu. Watu wengi hapa wanaikwepa njia iliyo wazi kwa woga, foleni inaongezeka bure.

Mjomba Idi: Bango lisomeke basi. Siyo lile limefunikwa na tawi la mti.

Salma: Mimi kama ningeulizwa ningependa ya Seoul. 2004 walihamishia njia za mabasi katikati ya barabara. Huwezi kusimamisha gari ushushe boksi katikati ya barabara kuu. Nusu ya ugomvi huu usingekuwepo.

Kaka Hamza: Wachimbe barabara nzima? Tutakufa na vumbi.

Baraka: Mjomba, nikitaka kukata kona na njia ya basi iko upande wangu, naingia wapi?

Mjomba Idi: Pale mstari mzito unapokatikakatika, karibu na kona. Ingia hapo, washa indiketa, kata, toka. Usianze kuingia mita mia mbili nyuma ukajidai unakata kona.

Baraka: 😂 nimeelewa.

Kaka Hamza: Jamani, swali la mwisho. Lile jiko la Shangazi aliloagiza, Baraka ulilishushia wapi?

Baraka: ...

Baraka: Mlangoni kwake.

Mama Tunu: Mlango wa mbele? Wenye njia ya basi??

Mjomba Idi: Zuhura 👀

Shangazi Zuhura: Lile lilikuwa zito.

Shangazi Zuhura: Baraka, la Ijumaa simama barabara ya nyuma. Nitamtuma Tunu na toroli.

Baraka: Sawa Shangazi. Tunu aje na mwenzake, ni friji.