Sista anasema uji miezi minne, mhudumu wa mtaa anasema sita. Nimfuate nani?

MamaNeema, Kayole
Hamjambo. Neema ametimiza miezi minne, ananyonya tu. Kliniki sista ameniambia, "Huyu analia njaa, mwanzishie uji mwepesi, na maji kidogo maana kuna jua." Jioni mhudumu wa afya ya jamii akapita kwa ploti, akakataa kabisa: hata maji asipewe mpaka miezi sita. Narudi kazini karibuni, na mama mkwe ashasaga wimbi. Nifanyeje?

BabaMapacha
Sisi tulikunywa uji mapema na tuko hai. Msikize sista, ndiye amesoma zaidi.

SistaKawangware
Baba Mapacha, kwa heshima, amesoma lini? Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Wengi wetu wa zamani tulifundishwa miezi minne hadi sita. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilisema miezi sita kamili, na Kenya inafuata hivyo. Hata kwa akina mama wenye virusi vya ukimwi mambo yamegeuka: kuna wakati tuliwaambia waachishe mapema, leo anayemeza dawa zake vizuri ananyonyesha tu miezi sita, kisha anaendelea pamoja na chakula. Kuna wauguzi ambao hawajaitwa mafunzo ya lishe tangu watoke chuoni, na foleni ya chanjo haiwaachi wasome mwongozo mpya. Linaniuma sana, kwa sababu anayeumia ni mtoto.

Mama Neema, kulia peke yake si dalili ya njaa. Fungua kijitabu cha kliniki: mstari wa uzito unapanda? Anakojoa mara sita au zaidi kwa siku? Basi maziwa yanamtosha. Na karibu asilimia 88 ya maziwa yako ni maji, kwa hivyo jua lisikutishe. Uji ukijaza tumbo atanyonya kidogo, na titi lisiponyonywa hupunguza kutengeneza. Ukirudi, omba sista akutazame ukinyonyesha, aone mtoto anavyoshika titi. Hilo ndilo lingefanywa kwanza.

MamaNeema
Mwezi wa tatu alikuwa kilo 5.8, sasa 6.5. Nepi zinalowa kweli. Na nikiwa kazini?

MamaWawili_Umoja
Kamua kwa mkono kwenye chombo safi chenye kifuniko, apewe kwa kikombe. Nje ya friji usipitishe muda wa saa nne, na nyumba ya mabati ikipata joto, punguza. Mimi nilikuwa nikiweka kwa friji ya jirani. Kazini pia uliza chumba cha kunyonyeshea, kiko kwenye Sheria ya Afya ya 2017.

SistaKawangware
Sawa kabisa. Anza kukamua sasa, usingoje siku ya kurudi kazini. Na kliniki ijayo nenda na mama mkwe, asikie mwenyewe, maana ndiye atakayeshinda na Neema.