Mnaosoma MMed (shahada ya udaktari bingwa): mtu anajuaje kama anakomaa ama anakufa ganzi?

rejista_wa_wodi:
Habari zenu wadau. Mimi ni rejista, yaani daktari anayesomea ubingwa, wa magonjwa ya ndani, mwaka wa pili, hapa Nairobi. Najilipia karo kwa hivyo mshahara hakuna, nikitoka wodi nafanya lokamu, zile zamu za kushikilia kwa muda, kwa kliniki moja Eastlands ndio rent itoke.

Nikiwa intani, daktari mpya wa mafunzo, nilikuwa nalia. Mgonjwa akifa naingia choo cha wafanyakazi, nalia, nanawa uso narudi. Siku hizi silii. Juzi usiku tulimpoteza mama mmoja wa kisukari, aliletwa amechelewa sana, sukari imepanda na damu imejaa asidi, tukapambana naye hadi saa kumi alfajiri akaenda. Nikaandika saa kwa faili, nikasaini, nikasonga kitanda kinachofuata kwa sababu kulikuwa na mzee anahema vibaya. Asubuhi binti yake akafika na thamosi ya uji. Nilimketisha nikamwambia polepole, sikumharakisha, lakini ndani yangu hakukuwa na kitu kabisa, na hiyo ndio inaninyima usingizi hata ile siku napata nafasi ya kulala.

Nyumbani pia. Mum akipiga simu aseme mgongo unamsumbua, namuuliza ulianza lini, unashuka mguuni, umepungua uzito? Ananiambia mwanangu nilitaka tu tuongee.

Na bado naona nimekua. Namwamsha konsaltanti, daktari bingwa anayetusimamia, saa nane usiku bila woga, naweza kumwambia intani sijui, twende tusome. Sasa ni gani? Nakomaa ama kuna kitu kinakufa?

mpasuaji_mkongwe:
Daktari, kulia si kipimo. Nimefundisha marejista miaka mingi na wale waliokuwa wanalia hawakuwa wote wazuri kwa wagonjwa. Mimi huangalia vitu viwili: anamtaja mgonjwa kwa jina ama anasema "yule wa kitanda cha 14", na akishatoa habari mbaya, anarudi kwa familia mara ya pili ama anatuma intani. Wewe ulimketisha yule binti. Katika zile hatua sita za kutoa habari mbaya, SPIKES, zilizochapishwa mwaka 2000, hatua ya kwanza kabisa ni hiyo, kutafuta mahali na kuketi. Mwili wako ulijua la kufanya wakati moyo umechoka, na huo ni ukomavu, usiudharau.

Lakini nisikudanganye kuhusu uchovu. Haya mafunzo ya kuishi hospitalini tuliyarithi kwa Halsted, mpasuaji wa Johns Hopkins mwisho wa karne ya 19, na huyo alikuwa mtu aliyetekwa na kokeini, baadaye mofini. Marekani walianza kuuliza maswali baada ya Libby Zion, msichana wa miaka 18, kufa hospitalini New York mwaka 1984 akiwa chini ya madaktari wanafunzi waliokuwa na zamu ndefu mno. Ikachukua hadi 2003 ndio nchi nzima ikaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, na hizo 80 zenyewe bado ni nyingi! Sasa wewe jumlisha zamu zako za kol na lokamu. Mtu asiyelala hahisi kitu, awe mwema kiasi gani. Kabla hujajihukumu tabia, lala kwanza.

sista_wa_zamu_ya_usiku:
Pole sana daktari wangu. Sisi manesi tunawaona mkiingia mwaka wa kwanza na tunawaona mkimaliza, na nikwambie ukweli, anayeuliza hili swali simwogopi. Namwogopa yule ameanza kuwafokea watu wa familia kwa korido na haoni shida.

Kuna kitu tumejaribu wodi yetu. Nesi mmoja wa Virginia, Jonathan Bartels, ndiye alianzisha: mgonjwa akifa, kabla watu hawajatawanyika, mmoja anaomba wote wasimame kimya, haifiki hata dakika moja, kwa heshima ya huyu mtu na ya mikono iliyomhudumia. Basi. Hakuna hotuba. Mwanzoni niliona tutachelewa, tuko wachache na vitanda vimejaa, lakini ile nusu dakika haijawahi kutukwamisha na kuna usiku mmoja rejista ambaye hatukuwahi kumsikia akiongea alisema asanteni. Jaribu, hata kama ni wewe na mimi tu na mtu wa usafi.

nilipumzika_nikarudi:
Nakubaliana na sista, ila mpasuaji hapo kwa "lala kwanza" naona amerahisisha. Mimi nililala. Nilichukua likizo, nikalala wiki nzima, nikaamka bado sihisi kitu, ndio nikajua imepita usingizi. Dada ama kaka, jiulize haya: umechoka hata ukiwa ofu? Umeanza kuona wagonjwa kama mzigo wa kumalizwa? Unaona kazi yako haina maana hata ikienda vizuri? Hizo ndizo dalili za burnout, kuchoshwa na kazi. Mwanasaikolojia Maslach aliyapanga hivyo hayo matatu zamani, na tangu 2019 WHO wanasema wazi inatokana na kazi, si ugonjwa wa mtu mmoja mmoja. Kama ni la kwanza tu, pumzika. Kama ni yote matatu tafuta mtu wa kuongea naye, na awe nje ya idara yako, si anayekupa alama.

Mgomo wa madaktari wa 2024 ulienda siku 56 na kelele nyingi ilikuwa mshahara wa intani, sawa kabisa, walistahili. Hili la moyo wa daktari halikupata nafasi mezani, na linaniuma mpaka leo.

rejista_wa_wodi:
Nimesoma yote mara mbili. Ni la kwanza, na kidogo la pili. La tatu hapana, kazi bado naipenda. Proposo ya thesis yangu bado iko kwa kamati ya maadili na nilikuwa nimeshakubali lokamu nyingine ya wikendi.

nilipumzika_nikarudi:
Hiyo ya wikendi wapigie leo uwaambie hapana. Kamati ikirudisha proposo na marekebisho utahitaji hizo Jumamosi, na karo ukikwama ongea na idara mapema kabla muhula haujaisha, wengi wetu tulinyamaza hadi mtihani ukafika.