Fleti za wenzenu hamzitaki, nyumba zenu mmewapa watalii. Huo mtaa mnaousemea ni wa nani?

Asalam alekum wajameni. Leo sina utani, nimejaa hadi hapa, na mwenye moyo mwepesi apite uzi mwengine.

Jumapili baada ya laasiri tumeitwa kwa sheha, mkuu wa shehia yetu, kikao cha mtaa. Mtaa siutaji maana mkiujua mtaa mtamjua na mtu, ila uko Ng'ambo hii hii ya mjini Unguja, ukinunua karanga Darajani hujazimaliza ushafika. Jambo lilikuwa moja tu. Kuna kijana wa pale pale mtaani, kiwanja karithi kwa marehemu baba yake, ile nyumba ya udongo iliyokuwepo upande mmoja ushalala tangu masika ya mwaka juzi, anataka avunje ajenge ghorofa tano. Fleti za kupangisha, vyumba viwili na ukumbi, jiko na choo ndani. Kasimama mwenyewe kasema mbele ya watu: kodi kwa shilingi, miezi mitatu mbele, kilemba cha kuingilia hataki. Mie nilipokaa kule nyuma na wanawake wenzangu nilikuwa nshaanza kupiga hesabu za mapazia.

Weee! Walivyomrukia ungesema kaja kuomba kufungua baa.

Wa kwanza kaja na madirisha. Eti ghorofa tano itachungulia nyua za watu, wanawake wamevua mitandio wanapika, mwanamme yuko juu na kikombe chake cha chai anawatazama. Hili mie nalikubali na wala silicheki, sitara ni sitara, na mie mwenyewe nafua uani. Lakini si lina dawa? Dirisha la upande ule lipandishwe juu ya kichwa cha mtu au patiwe matofali ya matundu, hewa inapita jicho halipiti. Kijana kajibu sawa, nitafanya hivyo, andikeni. Hakuna aliyeandika! Katibu kalamu kaishika vile vile, akamwita msemaji wa pili.

Wa pili karo, yaani shimo la maji machafu ya choo. Kwamba fleti zote zile karo litajaa mara moja na masika yakija uchafu wote kichochoroni. Kweli, lakini makaro yenu si yanamwagika leo bila ya ghorofa yoyote? Na huyu ndo mtu wa kwanza katika mtaa ule kuja kikaoni na mchoro wa karo mkononi, wengine wote tumechimba kwa kukisia. Wa tatu maji, haya. Wa nne gari zitapaki wapi, na aliyeuliza hivyo, wallahi nilimuangalia nikasema huyu kweli hana haya, maana gari yake yeye ndo inayoziba njia. Alipofariki yule bibi wa nyumba ya pembeni jeneza limepitishwa kwa kuinuliwa juu ya boneti lake, watu wanavuta dua wanachunga na side mira zake.

Halafu ndo ikatoka yenyewe iliyokuwa imewakaa kooni. Hatuwajui watakaokuja. Mtaa utajaa watu wa kuja. Mtaa huu ni wa watu wanaojuana, una heshima zake.

Sasa aliyeyasema hayo kwa sauti kubwa kushinda wote, mzee wa watu namheshimu kwa umri wake, mtaani pale hakai! Ana miaka minne yuko Fuoni, nje ya mji, na watoto wake, kaja kikaoni na vespa na kofia ya kiua ya sikukuu. Nyumba yake kaitia chokaa na milango ya nakshi kaiweka Airbnb, ule mtandao wa kukodisha nyumba kwa wageni, inalipwa kwa dola, kwa usiku. Mlangoni kaning'iniza kile kisanduku cha chuma chenye namba, mgeni anabonyeza anatoa ufunguo anaingia, hodi haipigwi wala salamu haitolewi. Saa tisa za usiku umelala unasikia magurudumu ya masanduku kwenye mawe, grrrr, ujue ndege imetua. Baraza lake tulikuwa tunakaa sie jioni tunasuka ukili na kusengenya watu (ndio, tulikuwa tunasengenya), leo pana vyungu viwili vya maua na kibao cha kuomba watu wasikae. Kichochoro chetu kina milango kumi na moja, nimeihesabu nikirudi kikaoni, minne ina visanduku hivyo.

Hebu niambieni, wale wageni wa usiku mmoja mnawajua nyinyi? Mmewauliza wametokea wapi na wana heshima gani? Mtu anapita na kichupi cha kuogelea mbele ya watoto wa chuo wamebeba misahafu, kimya, hakuna kikao. Mwalimu wa skuli na mkewe wakitaka kupanga fleti kwa shilingi, ndo mtaa unaharibika. Nyani haoni kundule.

Likaja daftari la saini za kupinga. Likapita, likapita, likafika kwangu, nikauliza mie naunga mkono, naandika wapi? Katibu kanambia dada, wewe mpangaji, hii ni ya wenyewe.

Miaka tisa! Wanangu wawili wamezaliwa nikiwa pale. Maulidi nachangia, maziko nachangia na sufuria natoa, taa ya kichochoroni ikiungua nanunua mie, ikifika saini nakuwa si mwenyewe. Na mwenyewe ni yule aliyekuja na vespa kutoka Fuoni, jina lake ndo la kwanza juu ya ukurasa. Kwanza hata huo uwenyewe tuuulize, maana kwa sheria ya ardhi ya 1992 ardhi ya Zanzibar yote ni ya umma, mtu ana haki ya kuitumia tu, sasa nyinyi mmeupata wapi mtaa wa kumiliki hadi na upepo wa ghorofa ya tano?

Msije mkanambia najitia mwanasiasa, mie ni fundi cherehani, lakini marehemu bibi yangu alikaa Mkunazini, Mji Mkongwe, kwenye chumba cha kupanga na kila siku alikuwa akitupa habari. Akitusimulia kwamba pale Darajani palikuwa na daraja kweli, chini yake maji ya bahari yanaingia na kutoka, upande wa nyumba za mawe wanakaa wenye nacho, ukivuka ndo ng'ambo. Na huku ng'ambo ni nani aliyekuwa wa asili? Wangazija, Wamanyema, Wanyamwezi, watu wa shamba, Waswahili wa mwambao, wote watu wa kuja. Wamejenga vibanda vyao kwenye viwanja vya watu na wakidaiwa kodi ya kiwanja, mpaka mwaka 1928 wakachoka wakagoma kulipa, Ng'ambo nzima, na wanawake wakiwa mbele. Mgomo ule umo kwenye vitabu vya historia. Sasa wajukuu zao leo ndo wanaokaa kitako kuhesabu nani mwenyewe nani mpangaji. Hata aibu hamna.

Na Michenzani jee? Baada ya Mapinduzi Mzee Karume na wale wataalamu wa Ujerumani Mashariki walivunja nyumba za watu kupitisha yale majumba ya maendeleo, watu walilia, na waliolia walikuwa na haki ya kulia maana mtu kavunjiwa paa lake. Yamejengwa machache kuliko yaliyopangwa na lifti hayana, shangazi yangu yuko juu huko magoti yashakwisha. Lakini mwambie atoke umpe nyumba Fuoni uone atakavyokutukana. Na huyu kijana havunji nyumba ya mtu, anavunja ya baba yake iliyokwisha anguka!

Mie nyumba ya bibi naikumbuka. Mji Mkongwe umetiwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, mawe tukaambiwa yasiguswe, sawa, mawe yapo. Watu ndo hawapo. Ile nyumba leo hoteli, nilipita mwaka jana kupeleka mashuka niliyoshona, chumba alichokuwa akilala bibi na wajukuu sita kina kitanda kimoja cha besera na feni mbili. Nikaambiwa nipitie mlango wa nyuma. Sie tukavuka Ng'ambo. Sasa na Ng'ambo ndo hiyo inageuka vile vile, na tunasukumwa tena, Kwarara, Tunguu, huko mbele sijui baharini.

Maana na mie nshapewa notisi, ndo mjue hasira zinatoka wapi. Mwenye nyumba wangu hana ubaya, mtu mzima na anaumwa, lakini mpwa wake kaja wiki mbili nyuma na utepe wa kupimia, anapiga picha dari na simu, anaugonga ukuta wa chumba ninacholala na watoto anasema hapa tutatoa, hapa patakuwa wazi. Mie nimesimama na sindano mdomoni. Mwisho wa mwezi ujao, kanambia, na akaongeza usijali da'angu, huko Tunguu nyumba zipo nyingi na hewa safi. Huko hewa safi nitamshonea nani? Wateja wangu wote wa Darajani, mtoto anasoma skuli ya hapa hapa anakwenda kwa miguu, nikihamia huko ni gari mbili kwenda gari mbili kurudi kila siku ya Mungu.

Sensa ya 2012 tulikuwa 1,303,569. Ya 2022 tumefika 1,889,773. Watu karibu laki sita wameongezeka ndani ya miaka kumi, Unguja na Pemba. Walale wapi? Kisiwa hakivutiki kama soksi. Mkikataa kwenda juu mjini maana yake mnasema mashamba yakatwe, mikarafuu na minazi na mashamba ya mpunga yapimwe viwanja, na ndo yanayofanyika, nendeni mkaone barabara za kwenda shamba zilivyojaa vibao vya viwanja vinauzwa. Halafu embe likifika bei ya kuku mnashangaa.

Najua hasira za watu zinatokea wapi, sikatai. Watu wameona fukwe zinavyokwenda, Nungwi, Paje, Jambiani, mvuvi anazunguka ukuta wa hoteli ndo afike kwenye ngalawa yake. Wameona sheria ya kondominium ya 2010, ile ya mtu kumiliki fleti moja ndani ya jengo, ilivyofungua mlango fleti kuuzwa hata kwa mgeni, na mabango barabarani bei zimeandikwa kwa dola tupu. Inauma. Lakini hasira za huko kote mnakuja kummalizia kijana mmoja mwenye kiwanja cha urithi na mkopo, kwa sababu yeye ndo mnayemuweza. Wenye mabango hamwitishi kikao.

NYONGEZA. Nimesoma majibu, mengine ya matusi nimeyapita. Kuna mmoja kauliza swali la maana: na akishamaliza kujenga akazigeuza za watalii jee? Hilo ndo mngeuliza kikaoni badala ya habari za watu wa kuja! Mwambieni aandike, kwenye kibali kitiwe sharti ni za kupangisha kwa mwaka na kwa shilingi, mie nitakuwa wa kwanza kutia saini. Lakini sharti hilo hilo likatiwe na ile milango minne, ndo hapo mtasikia ukimya.

Na wewe uliyesema kama nina shida ya nyumba nirudi kwetu. Kwetu ni Mkunazini, kaka yangu. Nipe ufunguo.

NYONGEZA 2. Saini za kupinga zimefika 31, kanambia mtu aliyeliona daftari, na kijana kaambiwa asubiri kikao chengine ambacho tarehe haijulikani. Basi mie nimekaa chini na cherehani langu naangalia makatuni ya kufungia vyombo. Mwenye kujua chumba na ukumbi, kati ya Kikwajuni, Miembeni, Jang'ombe mpaka Amani, choo hata cha kushirikiana nakubali, ila mwenye nyumba asitake miezi sita mbele na sehemu ya kuweka cherehani karibu na dirisha iwepo, naomba aniandikie inboksi. Madalali msinijibu, nshakulipeni za kuonyeshwa nyumba mara tatu na zote tatu nimekuta kisanduku mlangoni.