Masharti makali ya kamusi elezo za mtandaoni, yanalinda elimu au yanafukuza watu?

Mtoto_wa_Tukuyu:
Wakuu habari za mchana. Nimeandika makala kuhusu msitu wa matambiko wa Lubaga huku Rungwe kwenye kamusi elezo moja ya mtandaoni, nikakaa na babu anayeujua vizuri nikamrekodi kwa simu, nikaeleza nani alikuwa anaruhusiwa kuingia na nani haruhusiwi, asubuhi naamka nakuta imefutwa, sababu kamstari kamoja tu, hakuna vyanzo vya kuaminika. Hata salamu hakuna. Hivi ndo tunavotaka watu wajitolee? Halipwi mtu pale, na bando natoa mfukoni mwangu.

Mhehe_wa_Kalenga:
Kamwene mkuu, pole sana. Ila masharti yana sababu. 2005 mtu asiyejulikana aliandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, alihusishwa na mauaji ya Rais Kennedy, uongo mtupu, na ukakaa miezi hakuna aliyeshtuka. Baada ya pale ndo wakazuia wasiojisajili kuanzisha makala. Hebu fikiria angekuwa baba yako. Na huku kwetu habari za Mkwawa kila ukoo una zake, bila chanzo nani ataamua?

Binti_Uyole:
Kaka wa Kalenga hapo kwa mtu aliye hai nakubali mia kwa mia. Lakini Lubaga sio kesi hiyo. Monica Wilson na mumewe Godfrey, watafiti wa mila za watu, walikuja Unyakyusa miaka ya 1930 wakakaa na wazee wakawauliza mambo hayahaya ya matambiko, Monica akaandika vitabu, na leo ukimtaja yeye hakuna anayekufutia. Mjukuu akimuuliza babu yake mwenyewe anaambiwa sio chanzo!! Wazee ni walewale, tofauti ni nani alichapisha. Hii inaniuma kweli maana wazee wanaondoka na sisi tunasubiri mtu atoke mbali aje aandike ndo tuaminike. 2011 akina Achal Prabhala walijaribu India na Afrika Kusini, wakarekodi wanavijiji wakatumia sauti zao kama marejeo ya makala za Wikipedia, kwahiyo inawezekana ni watu tu hawataki kulegeza.

Baridi_ya_Makambako:
Mimi shida naiona kwenye namna wanavofuta zaidi kuliko masharti yenyewe. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walianza kupungua tangu 2007, na utafiti wa Aaron Halfaker na wenzake wa 2013 ulionesha wageni wenye nia njema kazi zao za kwanza zikitenguliwa, mara nyingi kwa programu za kukagua haraka, wengi hawarudi tena. Na wanakosea pia, 2018 rasimu ya makala kuhusu mwanasayansi Donna Strickland ilikataliwa mwezi wa tano, mwezi wa kumi akapata Nobel ya fizikia.

Mtoto wa Tukuyu usiache. Mwandikie aliyefuta kwenye ukurasa wake wa majadiliano, kwa upole, mwombe nakala, makala ikifutwa haipotei, wakabidhi, yaani wasimamizi wa kamusi, bado wanaiona. Anza upya kama rasimu, weka vitabu vya Wilson kama chanzo kwenye mambo makubwa. Ile sauti ya babu itunze sehemu zaidi ya moja, usiiache kwenye simu tu.

Mtoto_wa_Tukuyu:
Asanteni sana, dada Uyole umesema kilichokuwa moyoni. Namwandikia leo. Kuna mtu ana kitabu cha huyo mama Wilson hapo Mbeya mjini? Jumamosi nashuka, nitapiga kopi kurasa za Lubaga tu nakurudishia palepale.

Binti_Uyole:
Kuna mwalimu wangu anacho, njoo inboksi.