Facility kwenye GoldenEye 007 imenigomea, mnapitaje pale kwa 00 Agent?

Padi_Mkononi:

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaolijua gemu la GoldenEye 007, lile la jasusi James Bond la Nintendo 64 la mwaka 1997. Mimi nalicheza kwenye Nintendo Switch. Kwa ugumu wa Agent nimelimaliza lote, sasa nimepanda hadi ugumu wa juu, 00 Agent, na hatua ya pili tu, Facility (ile ya kiwandani), imenigomea kabisa.

Natoka kwenye tundu la hewa, nashuka chooni, namalizana na walinzi wa mle ndani. Nikisonga mbele kidogo wanakuja kama nyuki. Nachukua bunduki ya mmoja wao nawamiminia, ndiyo kwanza wanaongezeka. Nikifika maabara damu imebaki kidogo, na haijirudishi yenyewe kama magemu ya siku hizi. Halafu huyo Dkt. Doak ninayetakiwa kuonana naye simwoni kabisa. Shabaha yangu nzuri, nacheza sana magemu ya risasi. Kuna kitu gani sikijui?

Stiki_Kulia:

Karibu mkuu. Kwanza malizana na stiki, kwa sababu gemu hili lilitengenezwa kwa padi yenye stiki moja tu. Simamisha gemu, saa ya Bond itafunguka, chagua mtindo wa udhibiti uitwao 1.2 Solitaire. Kisha toka uende kwenye mipangilio ya Switch yenyewe, badilishana stiki ya kushoto na ya kulia, na vitufe vya ZL na ZR vilevile. Sasa kushoto unatembea, kulia unatazama. Wenye Xbox hawana kazi hii, yao imeshapangwa hivyo tangu gemu liliporudi Januari 2023.

Kimyakimya:

Ndugu Padi, jibu umeliandika mwenyewe: "nachukua bunduki ya mmoja wao nawamiminia". Iache hiyo bunduki.

Unaanza Facility na PP7 yenye kiwambo cha sauti, na hatua nzima imejengwa juu ya bastola hiyo. Walinzi wa humu wana masikio. KF7, hiyo bunduki yao, ikilia, walio karibu wanaacha walipokuwa na kukufuata, na kadiri unavyoendelea kumimina ndivyo sauti inavyowafikia wa mbali zaidi. Hao nyuki hawakuwa wamejipanga wakikungoja. Umewaita wewe.

Kwa hiyo risasi moja moja, na iwe kichwani. Shika kitufe cha kulenga, msubiri mlinzi asimame, ndipo upige. Ukimpiga mguuni au mkononi utamwona anaushika palepale alipoumia, lakini bado mzima, na akijiweka sawa anakurudishia. Ukilenga juu kupita kiasi inaruka kofia peke yake, yeye kabaki kasimama. Napenda sana hilo la kofia. Waliotengeneza hawakulazimika kuliweka, na mwaka 1997 hakuna aliyekuwa akilidai.

Sasa la damu. Haijirudishi, na gemu lenyewe halina pa kuhifadhia katikati ya hatua. Kinachokuokoa ni vazi la kuzuia risasi pale utakapolikuta, na 00 Agent hawana ukarimu wa kuyaacha njiani. Maana yake kila kona unayoipita kwa haraka unailipia mbele. Simama mlangoni, fungua, rudi nyuma hatua moja, waache waje kwako mmoja mmoja.

Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo wanaotoka kwenye magemu mapya hulikosa. Magemu mengi ya sasa ni ujia mmoja, unasukumwa mbele hadi mwisho. Humu siyo hivyo. Martin Hollis, aliyeongoza timu ya Rare, kampuni iliyolitengeneza gemu, ameshaeleza kwamba majengo mengi yalitengenezwa kwanza kama majengo, na kazi za Bond zikaja kupachikwa baadaye. Ndiyo sababu utakuta vyumba visivyo na kazi yoyote: dawati, maboksi, ukuta, basi. Mtu mwenye papara anaona wamejaza nafasi. Mimi naona ndiyo roho ya gemu. Jengo halijui kwamba wewe ni mchezaji, na jasusi anayeingia mahali asipopajua lazima apachunguze mwenyewe. Cheza mara kadhaa bila nia ya kumaliza. Tembea tu, ujue mlango upi unaelekea wapi. Na usome orodha ya kazi kwenye saa kila mara, maana ukipandisha ugumu wanakuongezea kazi, siyo walinzi wakali tu. Hao wanasayansi, kwa mfano, usiwaguse. Ukiwaua ovyo umeshindwa, hata kama umefika mwisho.

Senema_Usiku:

Naongeza kidogo, filamu ya GoldenEye ambayo gemu limetokana nayo naipenda sana. Ilitoka 1995, Pierce Brosnan akiwa Bond kwa mara ya kwanza. Watu wa Rare waliruhusiwa kwenda Leavesden kule Uingereza, ilikopigwa, wakapiga picha za seti na kupata michoro yake, na inaonekana. Lile bwawa la hatua ya kwanza, kwenye filamu ni bwawa la Verzasca, Uswisi. Ile sahani kubwa ya hatua inayofunga hadithi, Cradle, imetokana na darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ambayo iliporomoka Desemba 2020. Kwa hiyo ukipambana na Trevelyan, adui mkuu, pale juu, unapita mahali ambapo leo duniani hapapo tena. Mimi huwa nachelewa kumpiga kwa makusudi, nitazame.

Ila mkuu Kimyakimya, kwenye filamu Bond anamimina risasi za bunduki kubwa humohumo kiwandani!

Kimyakimya:

Kweli kabisa, lakini tayari wameshamwona na king'ora kinalia. Kabla ya hapo aliingia kimya. Gemu limekuachia wewe uamue hicho kimya kiendelee hadi lini, na kwangu hapo limeipita filamu. Kwenye filamu natazama mtu anayejua anachofanya. Humu inabidi nijue mimi.

Padi_Mkononi:

Wakuu, nimebadilisha stiki na nimeacha KF7. Hali nyingine kabisa! Nimefika maabara damu ikiwa karibu kamili. Lakini Doak bado. Nimekwenda pale video moja iliposema, hayupo.

Kimyakimya:

Achana na video kwa hilo. Doak anabadilishwa mahali kila unapoanza upya, kwa bahati nasibu, kwa hiyo alipokuwa kwa mwenzako si lazima awepo kwako. (Jina ni la David Doak, mmoja wa waliolitengeneza gemu. Ukimkuta mtazame vizuri, wengi wanaamini hata sura ni yake.) Anafanana na wanasayansi wengine, kwa hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutofyatua ovyo mle ndani: ukimuua yeye, kazi imekufa hapohapo.

Zungukia maabara na vyumba vya jirani, msogelee kila mwanasayansi hadi azungumze nawe. Atakupa kifaa cha kufungulia mlango wa chumba cha matangi. Ndani onana na 006, jasusi mwenzako, kwanza, kisha bandika mabomu ya rimoti kwenye matangi, yote, usiruke hata moja. Usilipue hapohapo. Jibanze mbali, badilisha uchukue saa, ndipo ulipue, halafu kimbilia mlango wa kutokea bila kugeuka.